Mistari Mitatu ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Alama za Biashara za Mavazi ya Michezo

Mwonyeshe mtoto wa darasa la pili raba iliyoanikwa juu ya ukuta, hatua ishirini kutoka aliposimama, kisha muulize ni ya kampuni gani. Hatasogea kusoma lebo. Ataangalia ubavuni: akiona mistari mitatu atasema adidas, akiona tiki atasema Nike, akiona mnyama anaruka atasema Puma. Hicho anachokijua mtoto huyo ndicho kinachowaweka mawakili wa kampuni hizi kazini mwaka mzima.

Maswali yaliyo hapa huulizwa na washonaji wa jezi, wauza raba, na vijana wanaotaka kuanzisha chapa zao. Nimeichukua adidas kuwa mfano mkuu. Ni vigumu kupata kampuni ya michezo iliyoipigania alama yake kwa ukaidi kama huo, na kesi zake zinaonyesha vizuri mahali haki hiyo inapoanzia na inapokatikia.

Alama ya biashara inalinda nini hasa?

Inalinda kile anachokumbuka mnunuzi. Wengi hudhani sheria inaulinda mchoro kwa kuwa ni mzuri au kwa kuwa umemtoa msanii jasho. Hiyo ni kazi ya hakimiliki. Alama ya biashara ni ishara inayojibu swali moja, "Hii imetoka kwa nani?", na sheria inamzuia mtu mwingine asilijibu swali hilo kwa uongo. Ishara isiyojibu swali hilo, hata ipendeze namna gani, ni pambo.

Chukua Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani Magharibi. Uholanzi walivaa adidas, mistari mitatu ikishuka kutoka mabegani hadi mikononi. Nahodha wao, Johan Cruyff, alikuwa na mkataba na Puma na hakutaka kuitangazia biashara kampuni hasimu. Mwisho wa mabishano, yeye alivaa jezi ya rangi ileile ya machungwa, lakini yenye mistari miwili. Kama mistari ile ingekuwa urembo tu, nani angehangaika kutoa mmoja?

Chapa, nembo na alama ya biashara si kitu kimoja?

Mtaani ndiyo. Mbele ya hakimu, hapana. Nembo ni mchoro. Chapa ni sifa nzima ya kampuni vichwani mwa watu: ubora, bei, wachezaji wanaoivaa, hata harufu ya boksi jipya. Alama ya biashara ni kile kipande cha chapa ambacho sheria inaweza kukishika mkononi na kusema ni mali ya fulani.

Hiyo mistari mitatu adidas waliitoa wapi?

Waliinunua. Adolf Dassler, aliyeitwa Adi, alikuwa akitengeneza viatu pamoja na kaka yake Rudolf katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani. Kampuni ya pamoja iliandikishwa 1924. Wakaja kugombana ugomvi usiosuluhishika. Mwaka 1948 Rudolf akaanzisha kampuni iliyokuja kuwa Puma, na 1949 Adi akaiandikisha adidas, jina alilolikata kutoka Adi na Dassler. Ndugu wawili, viwanda viwili, mji mmoja, na mto Aurach katikati yao.

Mistari mitatu ilikuwa ikitumiwa na Karhu, kampuni ya viatu ya Finland. Baada ya Olimpiki ya Helsinki ya 1952, Karhu ilimwuzia Adi. Kwa simulizi ya Karhu wenyewe, bei ilikuwa sawa na kama euro 1,600 hivi, na juu yake chupa mbili za wiski.

Nakipenda kisa hiki, na si kwa ajili ya wiski. Kinaonyesha kwamba haki ya alama haiendi kwa aliyetangulia kuchora. Alama huuzwa, hununuliwa, hukodishwa na hurithiwa kama shamba. Na kama shamba, asiyelilima huweza kunyang'anywa: Tanzania Bara alama isipotumika miaka 3 mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe, na Kenya ni miaka 5.

Kampuni ya michezo husajili vitu gani?

Kila kinachoweza kumkumbusha mnunuzi chanzo. Kwanza jina. Kisha nembo; adidas pekee ina mistari mitatu, ina jani la majani matatu lililoanza kutumika miaka ya mwanzo ya 1970, na ina ile mistari iliyopangwa kama mlima. Kisha kaulimbiu: Nike wana "Just Do It" tangu 1988. Kisha, mara nyingine, sura nzima ya kiatu. Adidas waliwashtaki Skechers kule Marekani kuhusu raba iliyofanana na Stan Smith, raba yao ile nyeupe yenye kipande cha kijani kisiginoni, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliithibitisha amri ya kuizuia Skechers kuiuza. Yaani kiatu cheupe kinaweza kuwa alama, mradi watu wamekizoea kiasi kwamba wakikiona wanajua kimetoka wapi.

Tiki ya Nike ni mfano mwingine mzuri wa jinsi thamani isivyokaa kwenye wino. Carolyn Davidson, mwanafunzi wa usanifu wa Portland State University, aliichora 1971 na akalipwa dola 35. Miaka kadhaa baadaye kampuni ikampa hisa. Siku ile ya 1971 mchoro ule ulistahili dola 35 kweli, maana hakuna aliyeujua. Kilichobaki kililetwa na wakimbiaji, matangazo, na miaka.

Fomu inaniuliza "daraja". Daraja gani tena?

Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa katika madaraja 45 kwa ajili ya usajili wa alama. Nguo, viatu na kofia ni daraja la 25. Mabegi ni la 18. Mipira na vifaa vya mazoezi ni la 28. Duka la kuuza bidhaa hizo ni la 35. Kila daraja lina ada yake, kwa hiyo anayeanza asijaze yote kwa tamaa. Andika kile unachouza na kile unachokusudia kweli kuuza.

Alama ikijulikana sana hupewa ulinzi unaovuka madaraja. Na hata kampuni ya magari inaweza kuingia kwenye daraja la nguo: 2017 adidas waliiwekea Tesla pingamizi ilipotaka kusajili mistari mitatu ya kulala ya gari lake la Model 3, kwa ajili ya nguo pia. Tesla waliachana na ombi hilo.

Lakini mtu anawezaje kumiliki mistari? Si kila mtu anachora mistari?

Hili ndilo swali lenyewe, na mahakama zimelijibu kwa namna ambayo haikuwafurahisha adidas kila mara.

Kadiri ishara inavyokuwa nyepesi, ndivyo inavyokuwa vigumu kuimiliki. Neno lililobuniwa kama "adidas" halina maana nyingine, hivyo linapata ulinzi tangu siku ya kwanza. Mistari ni ya wote: wavuvi wanayo kwenye fulana, pundamilia anayo, bendera zinayo. Anayetaka kuimiliki lazima athibitishe kwamba kwa matumizi ya muda mrefu watu wameacha kuiona kama mistari na kuanza kuiona kama saini.

Adidas walijaribu kuthibitisha hilo kwa Umoja wa Ulaya nzima. Walisajili mistari mitatu sambamba, yenye upana sawa na nafasi sawa, iwekwe kwenye nguo, viatu au kofia *kwa mwelekeo wowote*. Kampuni ya Ubelgiji, Shoe Branding Europe, ikaomba usajili huo ufutwe. Ofisi ya alama ya Ulaya ikaufuta 2016, na tarehe 19 Juni 2019 Mahakama Kuu ya Umoja huo ikakubaliana nayo.

Sababu zake zinafaa kusomwa na kila anayepanga kusajili nembo. Alama iliyosajiliwa ilikuwa mistari myeusi juu ya nyeupe, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wa adidas ulikuwa wa mistari myeupe juu ya nyeusi. Mahakama ikasema: alama ikiwa nyepesi kiasi hiki, ukigeuza rangi umeleta alama nyingine. Tena, ushahidi uliobaki kuwa wa maana ulihusu nchi 5 tu, wakati Umoja ulikuwa na nchi 28. Ukitaka haki ya nchi zote, lete ushahidi unaozifikia.

Wengi waliandika siku ile kwamba adidas wamepoteza mistari mitatu. Si kweli. Walipoteza usajili mmoja, ule uliotaka kumeza kila kitu. Sajili nyingine, zinazoeleza mistari inakaa wapi na kwa namna gani, hazikuguswa na hukumu ile. Ukiniuliza mimi, mahakama iliona sawa. Aliyesajili "mistari mitatu popote" alikuwa anajaribu kuweka uzio kwenye uwanja wa kijiji.

Na kuna kichekesho ndani yake: mwaka mmoja kabla, Machi 2018, mahakama hiyohiyo iliipa adidas ushindi dhidi ya kampuni hiyohiyo ya Ubelgiji, iliyotaka kusajili mistari *miwili* ubavuni mwa viatu. Mistari mahali pake, ubavuni, ilikuwa na nguvu ya kuzuia hata miwili. Mistari isiyo na mahali haikuweza kujisimamisha yenyewe.

Basi nikiweka mistari minne niko salama?

Usitegemee hesabu. Marekani, mwaka 2008, baraza la wazee wa mahakama kule Oregon liliiona Payless, kampuni ya viatu vya bei nafuu, ina hatia kwa viatu vyenye mistari miwili na minne. Walitaja dola milioni 305. Jaji baadaye akazishusha hadi kama milioni 65. Swali halikuwa mistari mingapi, ila je, mnunuzi akiviona viatu hivi atadhani ni adidas?

Miaka 15 baadaye swali hilohilo lilizaa jibu tofauti. Mbunifu Thom Browne wa New York aliwahi kutumia mistari mitatu kwenye nguo zake. Adidas wakalalamika 2007, naye akaongeza wa nne. Mambo yakatulia. Alipoanza kuuza nguo zenye sura ya michezo, adidas wakamshtaki wakidai zaidi ya dola milioni 7. Januari 2023 baraza la wazee wa mahakama kule Manhattan likasema hana hatia, na 2024 mahakama ya rufaa ikauacha uamuzi huo kama ulivyo. Utetezi wake ulikuwa kwamba mistari ni kitu cha kawaida, na kwamba mteja wake ni mtu wa suti za bei ya kutisha ambaye hakuingia dukani akitafuta adidas.

Linganisha kesi hizo mbili. Payless waliuza viatu, kwa watu wanaonunua viatu, na mistari ikakaa palepale ubavuni. Browne aliuza anasa, kwa matajiri, chini ya jina lake. Idadi ya mistari ilikuwa ndogo katika mizani. Bidhaa, mteja, bei na mahali pa alama ndivyo vilivyokuwa vizito. Sasa jiulize wewe raba zako unamuuzia nani.

Mbona hizi kampuni kubwa zinashtaki kila mtu? Si uonevu?

Mara nyingine ni uonevu, mara nyingine hawana jinsi. Alama isiyolindwa hufifia. Kama kampuni kumi zingetumia mistari mitatu na adidas wakanyamaza, kesho wakili wa kampuni ya kumi na moja angesema: tazameni, mistari hii haimwonyeshi mtu yeyote tena. Nyaraka za kesi ya Thom Browne zilionyesha kwamba tangu 2008 adidas walikuwa wamefungua kesi zaidi ya 90 na kusaini mapatano zaidi ya 200 kuhusu mistari hiyo.

Lakini mlinzi anayefyatua risasi kila jani likitikisika huishia kuaibika. Machi 2023 adidas waliiandikia ofisi ya alama ya Marekani kuipinga nembo ya mistari mitatu ya njano ya taasisi ya Black Lives Matter, inayotetea haki za watu weusi. Baada ya siku mbili wakauondoa upinzani huo. Sheria ilikuwa haijasema neno. Watu ndio waliosema. Na chapa ni watu.

Kuna pia upande wa pili wa kuwa na alama inayojulikana mno. Mashindano makubwa ya tenisi yana kanuni ya ukubwa wa nembo ya mtengenezaji kwenye nguo za mchezaji. Kwa miaka mingi mistari mitatu mikononi ilionekana kuwa mapambo. Wapinzani wakalalamika, waandaaji wakaamua mistari ihesabiwe kuwa nembo, na 2006 adidas wakaenda mahakamani London kuwashitaki. Ukishinda sana katika kuwaambia watu kwamba mistari ni jina lako, usishangae wakikupimia kwa rula.

Nataka nembo ya duma anayekimbia. Puma watanifuata?

Huenda. Lakini wanyama si mali ya Puma. Kesi maarufu hapa ni ya 1997 katika Mahakama ya Haki ya Ulaya: kampuni ya Uholanzi, Sabel, ilikuwa na nembo ya paka-mwitu mwenye madoadoa anayekimbia, na neno "Sabèl" pamoja naye. Puma wakapinga. Mahakama ikasema haitoshi kwamba mtu akiiona nembo moja anaikumbuka nyingine. Lazima kuwe na uwezekano wa kweli wa kumchanganya mnunuzi. Ikaongeza jambo linalowapa nguvu wakubwa: kadiri alama ya kwanza inavyojulikana au ilivyo ya kipekee, ndivyo hatari ya kuchanganya inavyokuwa kubwa.

Kwa hiyo duma wako asiwe kivuli cheusi kinachoruka kuelekea juu kulia, mkia umeinuka. Mchore kwa namna yako, mpe jina, na jina lisimame karibu naye. Bora zaidi, chagua mnyama ambaye hajachoka. Sijaona raba yenye nembo ya ngiri.

Mteja ameleta oda ya jezi za timu ya mtaa, anataka tiki ya Nike kifuani. Niweke?

Usiweke. Najua hoja zote: kila mtu anafanya, timu yenyewe inajua si ya kweli, bei yenyewe inajieleza. Haijalishi. Anayeiona uwanjani hajui bei uliyolipwa. Tanzania sheria ya alama za bidhaa ya 1963 iko mikononi mwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hukamata na kuteketeza mzigo. Kenya kuna sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia na mamlaka yake, yenye uwezo wa kuingia dukani na ghala. Anayeshikwa kwa kawaida ni yule mwenye mashine na mzigo. Mteja aliyeagiza atakuwa ameshazima simu.

Jezi za Simba na Yanga ziko hivyohivyo. Nembo ya klabu ni ya klabu, na yule aliyepewa leseni ya kuzitengeneza amelipa. Mshonaji anayezitoa bila leseni anakula fedha ambayo ingeingia kwenye klabu anayoishangilia Jumamosi.

Mwambie mteja hivi: kaka, kifuani tuweke nembo ya timu yenu wenyewe, na chini kidogo jina langu mshonaji. Wengi hukubali wakishaona mchoro.

Na raba za mtumba? Si zina nembo za watu?

Za mtumba ni sawa. Kiatu kilitengenezwa na Nike, kikauzwa na Nike, nembo inasema kweli. Mwenye alama alikula faida yake alipokiuza mara ya kwanza.

Kinachoharibu ni kuingilia ukweli huo. Raba isiyo na jina ukaichora tiki, umeghushi. Raba ya mtumba uliyoibadili soli, ukaipaka rangi, ukaiweka kwenye boksi na kuiuza kama mpya, umemdanganya mnunuzi kwa jina la mtu mwingine. Kuosha na kung'arisha hakuna shida.

Jina la kampuni yangu liko BRELA. Si tayari nina alama ya biashara?

BRELA ni wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara. Jibu ni hapana, na kosa hili limewagharimu wengi. Kuandikisha jina la biashara au kampuni ni jambo moja. Kusajili alama ya biashara ni ombi jingine, lenye fomu nyingine na ada nyingine, hata kama ofisi ni ileile. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani yuko nyuma ya duka. Hakimzuii jirani kuchapa jina hilohilo kwenye fulana.

Utaratibu kwa ufupi: tafuta kwanza kama kuna alama inayofanana, jaza ombi na madaraja, Msajili analichunguza, linatangazwa kwenye jarida, na kwa siku 60 yeyote anaweza kuweka pingamizi. Likipita, unapata cheti. Tanzania Bara na Uganda usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya, kupitia KIPI, ofisi yao ya usajili wa alama, ni miaka 10 tangu mwanzo. Unaweza kuhuisha milele; hilo ndilo linaloipa alama maisha marefu kuliko hataza, yaani haki ya mvumbuzi, inayokwisha baada ya miaka 20.

Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Cheti cha BRELA hakivuki bahari. Nimewaona watu wakikasirika wakiambiwa hivi, kana kwamba mimi ndiye niliyetunga Muungano.

Naweza kusajili neno la Kiswahili?

Ndiyo, mradi neno halielezi tu bidhaa. "Raba Imara" kwa raba haitapita kirahisi. Kila muuzaji ana haki ya kusema raba zake ni imara. Neno linalodokeza bila kueleza ndilo tamu. Angalia Enda, chapa ya Kenya ya viatu vya mbio iliyochangisha fedha mtandaoni 2016 na kukiita kiatu chake cha kwanza Iten, kwa jina la mji wa wakimbiaji. "Enda" ni neno la kila siku, lakini halisemi kiatu, linamsukuma mtu atoke.

Wageni nao wanayaona maneno yetu. Disney waliomba kusajili "Hakuna Matata" kule Marekani 1994, mwaka ilipotoka filamu yao ya simba, na wakapata usajili 2003 kwa fulana. Watu wa kwetu waligutuka mwishoni mwa 2018, na ombi la mtandaoni la kupinga likapata sahihi zaidi ya 100,000. Tuseme ukweli: usajili ule haukumzuia mtu kusema maneno hayo, wala haukumfikia muuza fulana wa Forodhani. Ulihusu fulana zinazouzwa Marekani. Lakini kwa mshonaji wa Mombasa anayetaka kuuza huko, ukuta ni ukuta. Kwa maoni yangu, maneno ambayo kila duka la watalii Pwani limeyachapa kwenye fulana tangu zamani hayawezi kumwambia mnunuzi wa hapa yametoka kwa nani, na kwa hiyo hapa kwetu yasingestahili kuwa ya mmoja.

Kikoi kilipona. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili "kikoy" huko kwao. Kenya wakapiga kelele, pingamizi likawekwa, na ombi likaachwa.

Je, jina la mchezaji?

Jina la mtu linaweza kuwa alama, na hugombaniwa kama nyingine. Michael Jordan alikuta China kuna kampuni ya mavazi ya michezo iitwayo Qiaodan, ambavyo ndivyo Wachina wanavyolitamka na kuliandika jina lake. Alishtaki 2012, akashindwa katika mahakama za chini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Watu ikampa haki juu ya jina hilo katika maandishi ya Kichina. Kwa maandishi ya herufi za Kilatini, siku hiyohiyo, alishindwa. Mwanariadha wa kwetu anayeanza kupata medali asisubiri miaka hiyo yote: jina lake ni mali tangu siku anapotajwa redioni.

Mzigo wangu unatengenezwa Guangzhou. Cheti cha hapa kitanilinda kule?

Hakitakulinda. Haki ya alama huishia mpakani, na China anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kupata. New Balance, kampuni kubwa ya Marekani, iliuza viatu China kwa tafsiri ya jina lake mwenyewe, Xin Bai Lun. Mfanyabiashara wa huko alikuwa ameshalisajili. Mwaka 2015 mahakama ya Guangzhou ikaiamuru New Balance imlipe yuani milioni 98. Rufaa ya 2016 ikashusha hadi milioni 5. Walilipa kwa kutumia jina lao.

Ukiwa na nchi kadhaa kichwani, kuna njia za mkato: Kenya na Rwanda zimo katika Mfumo wa Madrid, unaoruhusu ombi moja kwa nchi nyingi, na China imo pia; Tanzania na Uganda zimo katika Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la mali miliki la Afrika, inayohusu nchi za Afrika zilizojiunga. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeagiza China atumie wakala wa huko na aombe moja kwa moja. Ombi liingie kabla hujaituma nembo kwa WhatsApp kwa mtu wa kiwanda.